Hamira Katika Mstari wa Ishirini na Tano

Mtopanga, Alhamisi, baada ya alasiri

Mwanangu Saumu,

Najua umeshaanza kucheka. Mtu aliyekutangulia kuzaliwa kwa miaka miwili tu, aliyekaa nawe dawati moja mpaka kidato cha nne, leo anakuita mwanangu kwenye karatasi. Cheka umalize. Mama yako ni dada yangu, na kwetu mtoto wa dada ni mtoto wako hata akikuzidi kimo, kama ulivyonizidi wewe. Tena safari hii sikujipa cheo mwenyewe. Ijumaa iliyopita mama yako alipopiga simu kutoka Jeddah, pale dukani kwa Mzee Swaleh, ulipomaliza kuzungumza naye alitaka kusema na mimi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaniambia, "Rukia, mimi niko mbali. Mtoto anasafiri na mama yake hayupo. Wewe ndiye mama hapo. Mpe maneno ya kwendea."

"Haya, dada," nikamjibu. Kisha nikakurudishia simu wewe, kama kawaida yangu.

Ndiyo sababu niko huku chumbani, mlango nimeurudisha nusu, nawe uko uani unasukwa nywele. Nawasikia. Bibi anakuambia usilale na nywele mbichi, usinywe maji ya baridi, usimpe mtu mzigo wako akushikie stesheni ya basi.

"Wasikia?"

"Abee Bibi, nasikia."

"Wasikia, lakini wafuata?"

Hayo yote namwachia yeye, ndiye mama yangu na ndiye bibi yako, anayajua kuliko mimi. Mimi nina jambo moja, nalo ni lile swali uliloniuliza nikakuambia tutaona.

Jumatatu ukifika kwenye hicho chuo cha kompyuta huko Nairobi, watakuuliza unaingia darasa gani. Wanafunzi wapya wanaanzia katika madarasa mawili, la BASIC au la COBOL, lugha mbili za kuiandikia kompyuta maagizo. Mama yako ameshasema COBOL. Mwenzake wa huko Jeddah amemwambia kuwa benki na ofisi za bandarini zinataka watu wa COBOL, na kwamba BASIC ni mchezo wa watoto. Siku uliyoniuliza tulikuwa tunachekecha unga. "Mamdogo," ukasema, "ungekuwa wewe, ungeanza na lugha gani?" Nikasema tutaona. Ukasema, "Lakini Mama ameshasema." Halafu ukanyamaza.

Wewe, Saumu. Mtu ambaye hata akiumwa jino hanyamazi. Kimya hicho kimenikaa tangu siku ile, kwa sababu mimi kunyamaza nakujua, na najua mtu hunyamaza hivyo akiwa analo la kusema.

Sasa nakujibu. Lakini siwezi kukujibu bila kukueleza nilivyoanza mimi. Sehemu moja hukuiona, na ile uliyoiona hukujua ulinifanyia nini.

Kwanza nikukumbushe kwa nini tulianza darasa la kwanza pamoja. Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki. Nilipofika umri wa shule Bibi alinipeleka, nikashika lango la shule nikalia. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu mwalimu mkuu akamwambia Bibi, "Mama, mrudishe huyu nyumbani, bado hajaiva." Nikakaa nyumbani mpaka wewe ukafika umri. Siku ya kwanza nilikwenda nimekushika mkono, watu wakidhani mkubwa anampeleka mdogo. Kumbe mdogo ndiye aliyekuwa ananipeleka. Tangu hapo wewe ndiye uliyeniombea ruhusa ya kwenda msalani. Wewe ndiye uliyemwambia mwalimu wa hesabu kuwa sioni ubaoni, nikahamishwa mbele. Mimi nilikuwa nakunong'oneza, wewe unasema. Tumeishi hivyo miaka yote ya shule, na sijawahi kukuambia ahsante kwa sababu nilizoea kama mtu anavyozoea kupumua.

Mahali nilipokuwa hodari bila wewe ni madrasa. Kule maalimu anasoma, nawe unasoma nyuma yake, mnarudia mpaka ulimi unazoea. Hakuna anayekusimamisha kukuuliza. Nilihifadhi upesi kuliko wenzangu, na maalimu alinisifu mbele ya watu, nikaona raha. Nikaamini kusoma kote duniani ni hivyo.

Kisha tukamaliza shule, na mama yako akasema mmoja wetu anaweza kwenda kusoma kompyuta. Uwezo ulikuwa wa mtu mmoja. Bibi alikuwa ameteguka mguu na mahamri ya asubuhi yanamtaka mtu wa kuyakanda na kuyauza. Tulikaa pale sebuleni, mimi kimya nikingoja nitakachoambiwa. Wewe ukasema, "Aende Mamdogo. Mimi nikienda nitagombana na hiyo mashine." Watu wakacheka na shauri likaisha hapo. Nadhani mimi nilisema "haya." Neno moja. Ulikuwa umenipa nafasi yako, nami nikasema haya, kama mtu aliyepewa kiti.

Chuo chenyewe unakijua kwa nje, kile chumba cha juu ya duka la vyuma kwenye barabara ya Kisauni. Ndani hujafika. Kompyuta ni chache na wanafunzi ni wengi, basi kila moja inazungukwa kama sinia la pilau. Wenye mikono mirefu wanabonyeza, sisi wengine tunatazama kwa juu ya mabega. Zamu yangu ikifika niliipitisha. Mtu akiniuliza, "Umemaliza?" namjibu nimemaliza, na sijagusa hata kitufe. Lakini alichoandika Mwalimu Kyalo ubaoni nilikinakili chote, na njiani nilikuwa nakirudiarudia midomoni. Nikifika Mtopanga nimeshakihifadhi.

Jioni wewe unakanda unga wa kesho yake, mimi nimekaa kwenye kibao nakusomea mistari ya programu, kila mmoja na namba yake. Kumi, andika "Jina lako nani." Ishirini, pokea jina. Thelathini, andika "Karibu," na lile jina.

Bibi alikuwa amelaza mguu wake juu ya mto. "Hiyo ndiyo lugha?" akauliza.

"Ndiyo, Mama. BASIC."

"Na wenyewe wakaa wapi?"

"Haina wenyewe. Ni ya kusemea na mashine."

"Haina watu, haina shikamoo," akasema Bibi. "Hiyo si lugha, hizo ni amri."

Wewe ulicheka, kisha ukainua mikono yenye unga na kuniuliza, "Mamdogo, na kumi na moja iko wapi?"

"Haipo."

"Kwa nini? Umetoka kumi ukaruka mpaka ishirini."

"Mwalimu ameandika hivyo."

"Hukumwuliza?"

"Saumu, kanda unga."

Hayo uliyaona. Sasa nikueleze ambayo hukuyaona.

Mwalimu Kyalo alitufundisha programu ya kuchukua alama za masomo matatu na kutoa wastani. Niliihifadhi siku hiyohiyo. Siku ya jaribio akasema kila mtu atakaa peke yake mbele ya kompyuta na kuandika programu ileile, ila sasa masomo yawe manne. Zamu yangu ikafika, na safari hii hapakuwa na wa kumpitishia. Nikakaa. Nikaandika programu nzima bila kosa hata moja, nikaandika RUN, ile amri ya kuiendesha, ikafanya kazi, ikatoa wastani wa masomo matatu. Nikaweka mikono mapajani.

Mwalimu akainama akaniuliza kwa upole, "Na la nne?"

Nikafuta yote, nikaanza tena juu. Nikatoa ileile. Nilidhani labda nimekosea kuisoma, kama madrasa mtu anavyorudi mwanzo wa aya akisahau. Nilirudi mwanzo, nikaja nikafika palepale. Nyuma yangu alikuwapo Barasa, yule anayefanya kazi ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Akasema, "Mwalimu, huyu ni kaseti. Ukimbonyeza anaimba."

Darasa likacheka. Mwalimu akamwambia, "Wewe Barasa hata kuimba hujaimba," wakacheka tena, na hapo waliokuwa wakinicheka mimi walimgeukia yeye. Lakini neno lilikuwa limeshatoka. Nilirudi nyumbani nikasema kichwa kinaniuma, ukanitengenezea chai ya tangawizi.

Maalimu wetu hakunikosea, Saumu, nataka ulielewe hilo. Tulichohifadhi kwake kimewekwa kibaki kama kilivyo, asiongeze mtu wala asipunguze. Programu haikuwekwa hivyo. Imeandikwa ili kesho mtu aje aibadilishe. Mimi nilikuwa nimeibeba kama kitu kisichoguswa, na hakuna aliyenikataza kwa sababu hakuna aliyejua. Nilivyokuwa siulizi, nani angejua?

Badala ya kujitazama mwenyewe nikailaumu lugha. Kesho yake Barasa aliniletea njugu kwenye karatasi, nadhani ndiyo ilikuwa njia yake ya kuomba radhi, akaniambia, "Usijali, Rukia. BASIC ni ya watoto. Hamia COBOL. Ofisini kwetu ndiyo inayotumika." Mwenzake mama yako na Barasa hawajuani, lakini maneno yao ni mamoja. Nikahamia darasa la COBOL.

COBOL ungeipenda kwa jambo moja, na Bibi vilevile, maana ina salamu ndefu. Kabla hujasema unalotaka, unataja jina la programu, nani kaiandika, itatumika kwenye mashine gani, kila kitu kitakachotumika kina ukubwa gani. Ndipo unaingia kwenye habari yenyewe. Ukimaliza unaipa kompyuta iikague, unangoja, kisha inakurudishia makosa yamejipanga kwa sababu umesahau nukta moja kule juu. Kwa mtu anayeijua nadhani ni lugha nzuri, yenye adabu, na ofisi zina haki kuipenda. Mimi niliifanya nilivyofanya ile nyingine. Nikahifadhi. Kilichobadilika ni urefu wa kaseti tu. Nilipoambiwa nibadilishe kitu kidogo, nikaweka mikono mapajani tena.

Ndipo jioni ile nilipokuambia kuwa naacha chuo. Unaikumbuka? Ulikuwa unachuja tui. Nilitegemea utanihurumia. Wewe ukauliza, "Kwani lile jibu la kumi na moja ulishalipata?"

"Jibu gani?"

"Nilikuuliza kumi na moja iko wapi. Mpaka leo nangoja."

"Saumu, mimi nakuambia naacha chuo, wewe waniuliza kumi na moja?"

"Acha," ukasema. "Lakini niulizie kwanza. Swali ni langu, si lako. Wewe nipelekee tu."

Sijui kama ulilifikiria au lilikutoka tu. Miaka yote wewe ulikuwa unanisemea mimi, siku hiyo ukanituma nikusemee wewe. Na kukusemea wewe niliona naweza. Kesho yake nikarudi kwenye darasa la BASIC, nikasimama mlangoni, na mwalimu alipoinua macho nikasema, "Mwalimu, kuna mtu nyumbani anauliza, kati ya kumi na ishirini mbona hakuna kumi na moja?"

Nililisema lote mpaka mwisho. Mwalimu Kyalo akaweka chaki chini.

"Huyo mtu wa nyumbani ana akili," akasema. "Miezi yote hii hapa hakuna aliyeuliza." Kisha akanikalisha kwenye kompyuta. Akanieleza kuwa kompyuta haijali mstari gani uliuandika mwanzo na upi mwisho, inazifuata namba. Watu wanaruka makumi kwa makumi kwa sababu kila anayeandika programu husahau kitu. Ukisahau, hufuti. Unarudi unaandika kumi na tano, nayo inakwenda yenyewe kukaa pale katikati. "Andika kumi na tano," akaniambia. "Kitu chochote."

Nikaandika chini kabisa, baada ya mistari yote. Kisha nikaiamuru kompyuta inionyeshe programu, nikauona mstari wangu umepanda juu, umekaa kati ya kumi na ishirini kama mtu aliyesogezewa nafasi kwenye mkeka.

Nilitaka kulia, na si kwa huzuni. Nilifikiri kuwa yeyote aliyeitengeneza lugha hii alijua tangu zamani kuwa nitasahau, na hakukasirika. Aliniwekea nafasi kabisa. Mimi tangu darasa la kwanza nilikuwa naogopa kufungua mdomo nisije nikakosea, na kumbe kulikuwa na mahali ambapo kosa lako limeshahesabiwa na limetengewa pa kukaa.

Nilipokuletea jibu ulisema, "Ndiyo, kama mahamri kwenye sinia. Ukiyabana hayana pa kuumukia." Ukaendelea na kazi yako, kama jambo dogo.

Baada ya hapo mwalimu akanitaka niandike programu ambayo haijaandikwa na mtu ubaoni. Nilikosa cha kuhifadhi, kwa hiyo ilibidi nifikiri. Wakati huo ulikuwa umepata kazi ya mahamri ya harusi ya Utange, nikaona nitengeneze programu inayouliza mahamri mangapi, kisha inataja vipimo. Nikaja kukuuliza.

"Unga kiasi, tui kiasi, sukari kiasi," ukasema.

"Kiasi gani?"

"Mamdogo, kiasi ni kiasi."

Tukachukua kikombe tukapima pamoja, wewe ukilalamika kuwa nakuchelewesha. Kesho yake nikaandika, ikafanya kazi, nikanakili majibu kwenye karatasi nikakuletea, nikiwa nimevimba kichwa. Ukasoma karatasi kwa mbali usiipake unga. Ukasoma tena.

"Na hamira iko wapi?"

Bibi alicheka mpaka akaushika mguu wake. "Basi watu wa Utange watavunjika meno," akasema. "Mashini yataka kuwalisha mawe." Na mimi nikacheka, Saumu. Hilo ndilo ninalotaka ulijue. Nilikuwa nimekosea mbele ya watu na nikacheka nao.

Siku ya pili nilikaa mbele ya kompyuta kabla hata zamu hazijapangwa. Sikufuta kitu, sikurudi mwanzo. Niliandika ishirini na tano, nikaweka hamira, basi. Barasa alikuwa nyuma yangu kama kawaida. "Kaseti inajirekodi yenyewe siku hizi?" akauliza.

"Ilisahau hamira," nikamjibu bila kugeuka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumjibu. Akasogeza kiti chake akaniomba nimwonyeshe.

Sasa swali lako. Ningekuwa wewe ningeanza na BASIC.

Si kwa sababu ni bora kuliko nyingine. Mwalimu Kyalo mwenyewe amenionya kuwa ina malezi mabovu, inakuruhusu kuruka kutoka mstari huu kwenda ule bila kuuliza, na programu ikiwa kubwa unaweza kupotea ndani ya kazi yako mwenyewe. Anasema kuna nyingine iitwayo Pascal inayomlea mtu vizuri zaidi, na kwamba kuna siku nitaihitaji. Huenda hata mwenzake mama yako anasema kweli, huenda COBOL ndiyo itakayokulisha. Basi na iwe ya pili. Ukishaelewa namna mashine inavyofuata neno lako, lugha ya pili haikutishi. Ya kwanza, nionavyo mimi, inapaswa kuwa ile utakayoweza kukosea ndani yake upesi na kurudi upesi. Unaandika mistari miwili, unaitazama, inakujibu hapohapo. Wewe ni mtu wa kuuliza. Ukiwekwa kwenye lugha ya kungoja utachoka, au vibaya zaidi, utaanza kuhifadhi kama mimi ili uonekane unajua.

Tena BASIC unayo tayari nusu nzima. Umeisikia kila jioni ukikanda unga, na makosa yangu umeyaona kabla ya mwalimu. Ukikwama utaniandikia, nami nitakujibu. Kwenye COBOL sitaweza kukusaidia. Na kitu cha kutengeneza unacho, usingoje wakupe cha ubaoni. Watakupa alama za wanafunzi, kila mahali wanatoa alama za wanafunzi. Wewe andika habari ya mahamri.

Lakini kama moyoni mwako mwenyewe unaitaka COBOL, ingia COBOL na usinifikirie mimi. Sitaki tu uingie darasa kwa sababu ya kunyamaza. Kuamua ni kwako. Kumwambia mama yako ni kazi yangu.

Hapo ndipo penye uzito kwangu. Kesho Ijumaa baada ya sala simu italia dukani, wewe utakuwa kwenye basi, umeshapita Voi. Mzee Swaleh ataita jina lako kwa mazoea, kisha atakumbuka. Nitakwenda mimi. Mama yako amenitangulia karibu miaka ishirini. Amefua nguo za watu katika nchi ya watu ili sisi wawili tuvae sare, na kila nilichokueleza humu, pamoja na hicho chuo, kimetoka kwenye mikono yake. Sijawahi kumwambia hapana, hata kwa jambo dogo. Hata ahsante sijawahi kumwambia ikafika mwisho, huwa nakupokeza simu katikati.

Tangu asubuhi nilikuwa nayaandaa maneno. Niliyaandika nyuma ya risiti, nikayarudiarudia nikifagia, mpaka nikaweza kuyasema yote kwa pumzi moja. Shikamoo dada, Saumu amesafiri salama, nina jambo nataka kukuomba. Nilipofika mara ya tatu nikajiona niko tena mbele ya ile kompyuta, na la nne linaulizwa. Mama yako si mtu wa kungoja umalize. Kwenye neno la pili ataingilia, nami nitarudi mwanzo kwenye shikamoo.

Nimeichana ile risiti. Kesho nitamwamkia, nitamwambia ahsante kwanza, yote, mpaka mwisho. Kisha nitamsimulia habari ya hamira, halafu nitasikiliza anauliza nini. Nikikwama nitanyamaza kidogo, kisha nitaendelea pale nilipokwama. Jumapili nitampigia mjomba wako Hamisi huko unakofikia nikueleze mama yako alivyosema. Nitapiga mimi mwenyewe. Na kama amekataa kabisa nitakuambia amekataa, sitakuficha, tutajua la kufanya kabla ya Jumatatu.

Mwalimu Kyalo naye ameniomba niwe nakwenda kukaa na wanafunzi wapya wanaoona haya. Nimekubali. Nikiona mtu anapitisha zamu yake nitamjua.

Bibi anamaliza msuko wa mwisho, nasikia anakuambia ugeuze kichwa. Sasa hivi umeniita. "Mamdogo, njoo unione, nimekuwa bibi harusi." Nimekuambia naja. Barua hii nitaiweka kwenye mkoba wako chini ya mahamri ya njiani, utaifikia ukishayala, nami najua hutafika mbali kabla hujayala.

Ahsante kwa nafasi uliyonipa pale sebuleni. Ahsante kwa kuulizia kumi na moja. Mwenyezi Mungu akufikishe salama, mwanangu, na akupe walimu wapole.

Hapa chini nimeacha mistari mitupu. Kuna kitu nimesahau, sijui ni kipi, na wewe utakiona kabla yangu. Kiandike hapo, unirudishie.

Mama yako mdogo,
Rukia